Buji za motokari: namna ya kuzichagua na kuzibadili

Ninyi mnaopeleka unga, makala na mboga kuuza Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, sikilizeni. Motokari ikikufa njiani, nyanya zinaoza na soko linapita. Mara nyingine ubaya si mkubwa: ni buji moja tu.

Buji ni nini? Ni kitu kidogo cha chuma na udongo mweupe uliochomwa kama sahani. Kazi yake ni kutoa cheche ndani ya silinda ili esanse iwake. Motokari ya silinda 4, buji moja ikikufa, inavuta kwa silinda 3 tu. Inatetemeka, inashindwa mlima, na esanse isiyowaka inatoka bure. Motokari za mazutu hazina buji za namna hii.

Kuchagua. Usinunue buji kwa sababu inafanana tu na ile ya zamani. Angalieni mambo 3.

Kwanza, meno yake. Buji nyingi zina unene wa milimetre 14, lakini urefu si mmoja. Buji ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

Pili, moto wake. Kuna buji za baridi na buji za moto. Kwa NGK, namba kubwa ni buji ya baridi zaidi. Kwa Bosch, namba kubwa ni buji ya moto zaidi. Basi, usilinganishe namba za fabriki mbili.

Tatu, nafasi ya cheche. Fuata kitabu cha motokari yako.

Kubadili. Fanyeni hivi:

1. Ngoja motere ipoe kabisa.
2. Pulizia mavumbi kando ya buji, yasianguke ndani ya silinda.
3. Toa waya moja tu kwa mara moja. Shika kichwa chake, usivute waya yenyewe. Ukizichanganya waya, motere haitawaka vizuri.
4. Fungua buji ya zamani, pima nafasi ya ile mpya.
5. Ingiza buji mpya kwa vidole. Ikikataa, usiilazimishe: itoe, uanze tena. Meno ya kichwa cha motere yakiharibika, bei yake inapita buji nyingi.
6. Ikifika mwisho kwa vidole, na ikiwa ina pete mpya, kaza kwa ufunguo karibu nusu ya mzunguko. Usizidishe.

Tazama buji ya zamani kabla ya kuitupa. Rangi ya udongo mwekundu-kahawia: motere ni nzima. Nyeusi na kavu kama masizi: esanse ni nyingi kuliko hewa. Imelowa mafuta: mafuta ya motere yanaingia silinda, mwite fundi. Nyeupe sana, au imeyeyuka: motere inapata moto mno.

Njia zetu za migodi zina mavumbi mengi. Mavumbi yanaziba chujio la hewa, na buji inakuwa nyeusi. Basi, kabla ya kutoa franka kununua buji, fungua chujio hilo kwanza. Likiwa limejaa, lisafishe au libadili. Pasipo kufanya hivyo, buji mpya nayo itakuwa nyeusi upesi, na franka zako zimepotea.