Kujinasua katika Ununuzi wa Shinikizo
Taa za sola za kulipia kwa awamu huuzwa hadi mwaloni Kirando, na muuzaji hushikilia kuwa bei ni ya leo tu, ingawa kesho yake hubaki ileile. Mkazi akisaini kisha akajuta, majuto peke yake hayavunji mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutazama ridhaa: ikiwa ilipatikana kwa vitisho, ulaghai au maelezo ya uongo, aliyetendewa hivyo aweza kuutengua. Kuacha kulipa kimyakimya huponza, kwani deni hubaki. Inafaa aandike barua mapema, ataje uongo alioambiwa, atunze nakala na stakabadhi, asiendelee kukitumia kifaa. Asiyemudu wakili aulizie kwa Mtendaji wa Kata msaada wa bure, uliowekwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.