Kwa nini mkonga wa intaneti Gusii wahitaji mpango wa miaka 25

MJI wa Keroka umekalia mpaka. Sehemu moja yake iko Kaunti ya Kisii, nyingine iko Nyamira, na tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013 serikali hizo mbili zimekuwa zikivutana kuhusu ni nani anayestahili kutoza ushuru wapi. Wenye vibanda na wahudumu wa matatu wameuzoea mvutano huo. Lakini swali la mpaka sasa lagusa pia jambo lisiloonekana kwa macho, kwa kuwa huzikwa ardhini: mkonga wa mawasiliano, au faiba kama wengi waitavyo, utapitia wapi, utafika vijiji vipi, na ni nani atakayegharimia matawi yake.

Mkonga wenyewe si jambo geni. Kabla ya mwaka wa 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya intaneti na ulimwengu, na kampuni zilikuwa zikilipa maelfu ya dola kwa mwezi kwa kiasi cha mawasiliano ambacho leo ni kidogo kuliko anachotumia mwanafunzi mmoja mwenye simu. Juni mwaka huo, mkonga wa TEAMS uliotandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Milki za Kiarabu, ulifika Mombasa. SEACOM ulifuata mwezi wa Julai, na EASSy mwaka wa 2010. Wakati huo huo serikali ilikuwa ikichimba mitaro bara ili kuujenga uti wa mgongo wa kitaifa, mradi uliopewa jina la NOFBI. Awamu yake ya pili, iliyojengwa kwa mkopo kutoka Uchina, ililenga kuyafikia makao makuu ya kaunti zote 47.

Yafaa kukumbushwa kwamba wakati hayo yakifanyika Gusii haikukosa mtu mezani. Katibu wa wizara iliyosimamia habari na mawasiliano kutoka 2005 hadi 2013 alikuwa Dkt Bitange Ndemo, mzaliwa wa Kisii, na waziri aliyeichukua wizara hiyo mwaka wa 2013 alikuwa Dkt Fred Matiang'i kutoka Borabu, Nyamira. Ikiwa mkonga haujafika kijijini, sababu haiwezi kuwa kwamba hakuna aliyeyajua maeneo hayo.

Sababu iko katika namna mradi wa kitaifa unavyopimwa. Uti wa mgongo hupimwa kwa kilomita. Mpango Mkuu wa Kidijitali wa 2022 hadi 2032 unazungumzia kilomita 100,000 za mkonga, na serikali iliyoingia mamlakani Septemba 2022 iliahidi kuzikamilisha ndani ya miaka mitano. Ni idadi ya kuvutia. Hata hivyo, kilomita hazisemi mkonga umepita mlangoni mwa nani. Mtaro unaweza kukata kaunti nzima kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, ukawaacha wanaoishi mita 300 kutoka barabarani wakinunua bando za simu kama kawaida.

Ili kuelewa ni kwa nini mpango wa muda mrefu una uzito hapa kuliko pengine, sharti kwanza ieleweke mkonga ni kitu gani. Ndani ya kebo mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na kila uzi hupitisha mwanga unaowaka na kuzima mara mabilioni kwa sekunde. Kioo hicho chaweza kudumu miaka 25 au zaidi. Kinachochakaa haraka ni mitambo iliyo katika ncha zake, ambayo hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Uzi uliozikwa mwaka wa 2009 waweza leo kubeba data nyingi mara kadhaa kuliko ulivyobeba siku ya kwanza, bila mtu kugusa udongo, mradi tu mitambo ya mwishoni imebadilishwa na rangi nyingi za mwanga zikapitishwa kwa pamoja.

Gharama kubwa basi haiko katika kioo. Iko katika jembe, katika vibali, na katika kuirudisha barabara ilivyokuwa. Kuweka nyuzi 96 badala ya 24 katika mtaro ule ule huongeza gharama kidogo tu. Kurudi baada ya miaka sita kuchimba upya ni kulipa karibu yote mara ya pili. Ndiyo maana wahandisi hupenda kuzika mabomba matupu ya plastiki kando ya lile lenye kebo, ili siku za usoni kebo mpya isukumwe ndani kwa hewa.

Hapo ndipo hesabu ya Gusii inapotofautiana na ya maeneo mengine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ilikuwa na watu wapatao 958 kwa kila kilomita ya mraba, Nyamira 675. Turkana, kwa kulinganisha, ilikuwa na 14 hivi. Kwa hesabu hiyo, kilomita moja ya mraba Kisii ina zaidi ya kaya 200. Katika mtindo unaotumiwa sana kuunganisha nyumba, uzi mmoja hugawanywa kwa kifaa kidogo kisichohitaji umeme na kuhudumia nyumba 32. Kebo ya nyuzi 24 basi ingetosha nyumba 768, ambazo ni kilomita tatu hivi za mraba, iwapo kila kaya ingejiunga. Si wote watakaojiunga mwaka wa kwanza, wala wa tano. Lakini anayepanga kwa miaka 25 hawezi kuzika kebo inayojazwa na vilima viwili.

Mgawanyo huo una bei yake. Kila mwanga unapogawanywa mara mbili, nusu hupotea upande wa pili. Ukigawanywa mara 32, kila nyumba hupata chini ya sehemu moja ya thelathini ya nguvu iliyotoka kituoni. Ndiyo sababu mtindo huu kwa kawaida hauvuki kilomita 20 kutoka kwenye kituo. Nyamira na Keroka, zote mbili, ziko mbali zaidi ya kilomita 20 kutoka mji wa Kisii, hata kwa njia ya ndege. Anayedhani kwamba ataihudumia Gusii yote kutoka kituo kimoja mjini Kisii amekosea hesabu kabla ya kuanza. Vituo vidogo vinahitajika Nyamira, Keroka, na mbali zaidi kusini, upande wa Nyamarambe, na kila kimoja chahitaji umeme wa kutegemewa, betri, na mlango unaofungika.

Ardhi nayo ina masharti yake. Watu wa Gusii hawaishi katika vijiji vilivyosongamana. Kila boma liko katika shamba lake, kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na mashamba hayo yamegawanywa kwa wana na wajukuu hadi yakawa vipande vyembamba. Barabara nyingi hufuata migongo ya vilima. Kebo kuu ikipita juu, matawi yashuke pande zote mbili kama mishipa ya jani la mgomba. Ikipitishwa bondeni, itavuka mito, itakutana na maji mengi ya mvua na maporomoko ya udongo, na kila tawi litapanda mlima. Ramani iliyochorwa Nairobi kwa rula haionyeshi hayo.

Kisha kuna radi. Nyanda za juu za Kisii hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na ni miongoni mwa maeneo ya Kenya yanayojulikana sana kwa radi. Hapa kioo kina heri: hakipitishi umeme, kwa hivyo mkonga wenyewe hauwezi kuuleta umeme wa radi nyumbani jinsi waya wa shaba wa simu za kale ulivyoweza. Lakini si kebo zote ni kioo kitupu. Nyingine zimevikwa chuma ili panya na majembe yasizidhuru, na chuma hicho kisipofungwa vyema ardhini ni hatari. Kebo zinazoning'inizwa kwenye nguzo za umeme ni rahisi na za haraka kuliko mtaro, na kwa matawi madogo huenda hazina mbadala. Kwa njia kuu, katika eneo lenye mikaratusi mirefu kandokando ya barabara na dhoruba za alasiri, kuzitegemea ni kujitakia kazi ya kila wiki.

Jambo ambalo mipango mingi hulisahau, kwa sababu haliongezi hata kilomita moja katika taarifa kwa wanahabari, ni njia ya kurudi. Mnamo Mei 12, 2024, mikonga ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kusini mwa Afrika, miezi michache tu baada ya mikonga mingine kukatika katika Bahari ya Shamu, na intaneti ikazorota Kenya na nchi jirani. Waliopata nafuu mapema ni wale ambao kampuni zao zilikuwa na njia nyingine. Sheria ni ile ile nchi kavu. Mkonga unaokwenda kama mkia, kutoka Kisii hadi Nyamira na kuishia hapo, hukatwa na tingatinga moja na kaunti nzima ikazimika. Mkonga uliofungwa kama pete, ukatoka Kisii kwenda Nyamira, ukashuka hadi Keroka na kurudi Kisii, ukikatwa popote huendelea kufanya kazi kwa upande wa pili. Na iwapo pete hiyo itashikana na njia za nje zaidi ya moja, kupitia Sotik kuelekea Kericho, kupitia Oyugis kuelekea Ahero na Kisumu, na kupitia Migori hadi Isebania, basi hata ajali kubwa haitalitenga eneo hilo.

Tazama tena pete hiyo. Inavuka mpaka wa kaunti mara mbili. Hakuna kaunti kati ya hizo mbili inayoweza kuijenga peke yake, na kila moja ikijenga mkia wake, zote mbili zitakuwa zimetumia fedha zaidi kwa huduma dhaifu zaidi. Huu ndio ubaya wa kupanga kwa mipaka ya utawala katika eneo ambalo soko, shule na hospitali ni vya pamoja. Mgonjwa kutoka Borabu hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Picha zake za eksirei zingeweza kumtangulia, kama njia ingekuwepo.

Wateja wa kuianzishia pete hiyo wapo. Viwanda vya majani chai vya Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na Tombe upande wa Nyamira, na Nyamache, Ogembo na Kiamokama upande wa Kisii, vyote vimejengwa vijijini, mbali na miji, na vyote vina hesabu za wakulima na mauzo za kutuma kila siku. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake mwaka wa 2013, kiko mjini. Tabaka ina wachongaji wa mawe ya sabuni ambao kazi zao huuzwa ng'ambo, mara nyingi kupitia mikono ya watu wa kati. Mkonga ukipangwa kupitia viwanda hivyo, mapato ya kwanza yangesaidia kulipia matawi ya nyumbani yatakayokawia kuleta faida.

Kuna pia Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2009 na kusimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, ambayo kampuni zenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato yao. Hazina hiyo imeelekea zaidi kaunti kame zisizo na hata mawimbi ya simu, na ni haki. Gusii ina mawimbi. Isichokuwa nacho katika sehemu nyingi ni uwezo wa kubeba yale ambayo watu wengi hivyo, kwa pamoja, wanayahitaji jioni moja, na upungufu wa aina hiyo ni vigumu kuuonyesha kwenye ramani ya maeneo yasiyo na simu.

Adui wa karibu zaidi, hata hivyo, ni ukarabati wa barabara. Mara nyingi nchini mkonga umezikwa katika hifadhi ya barabara, kisha mwanakandarasi akaja kuipanua na kuikata kebo, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha ilipo. Wezi wa shaba nao huikata wakidhani wamepata waya, wakakuta kioo kisicho na mnunuzi. Dawa ya hao wa pili ni kuwaeleza wananchi. Dawa ya wale wa kwanza ni karatasi: ramani sahihi ya kila mtaro, iliyo mikononi mwa mamlaka za barabara na kaunti zote mbili, na sharti kwamba kila barabara inayojengwa upya iwekwe bomba tupu kabla ya lami.

Sheria tayari imetoa mahali pa kuliandika sharti hilo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 huzitaka kaunti ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka kumi, mbali na ule wa maendeleo wa miaka mitano. Wa miaka mitano ndio unaosomwa, kwa kuwa ndio unaoandamana na bajeti na kura. Gavana hukaa miaka mitano, akibahatika kumi. Kioo hukaa 25.

Mipango ya sasa ya miaka mitano, ya 2023 hadi 2027, inakamilika mwaka ule ule wa uchaguzi mkuu, ambao pia ndio mwaka ulioahidiwa wa kilomita 100,000. Ile ya 2028 hadi 2032 itaandikwa Kisii na Nyamira, katika ofisi mbili, na wadi 45 upande mmoja na 20 upande wa pili zitaitwa kutoa maoni. Keroka itaitwa mara mbili.