Kompyuta Ndogo Inapokosa Pumzi: Kuipoza Mashine ya Mezani Katika Joto la Pwani

Kila ifikapo Februari na Machi, upepo wa kaskazi unapofifia na jua kuwa kali zaidi, kuna tatizo linalojirudia katika maduka ya saiba kutoka Mtwapa hadi Malindi. Kompyuta huanza siku vizuri. Kufikia saa nane mchana inakuwa nzito, feni yake inavuma kama kinu cha kusaga mahindi, kisha inazimika ghafla huku mteja akiwa katikati ya kujaza fomu. Mwanafunzi anayeomba basari hulazimika kuanza upya, na mwenye duka hupoteza mapato ya siku. Mara nyingi hatua inayofuata ni kuitwa fundi, na mara nyingi fundi husema prosesa imekufa.

Si kila mara imekufa. Mashine nyingi za aina hii hazijaharibika, bali zimekosa hewa.

Kompyuta zinazozungumziwa hapa ni zile ndogo za mezani, zenye kasha jembamba linaloweza kulazwa chini ya skrini au kusimamishwa pembeni kama kitabu. Zimejaa katika maduka, vyuo vya ufundi, zahanati na afisi za wadi. Nyingi zilitumika kwanza ng'ambo kabla ya kuuzwa hapa nchini, zile ambazo wauzaji huziita eksi-UK. Wakazi huzipenda kwa kuwa bei yake ni nafuu, hazili stima nyingi na hazichukui nafasi. Lakini udogo huo ndio unaozifanya ziteseke kwa joto kuliko kompyuta kubwa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Karibu stima yote inayoingia ndani ya kompyuta hutoka ikiwa joto. Prosesa ya kawaida ya mezani iliyoundwa kwa wati 65 hutoa joto lile lile, iwe ndani ya kasha kubwa au dogo. Tofauti ni kwamba kasha kubwa lina nafasi ya kuweka kipoza kikubwa cha chuma chenye mapezi mengi na feni mbili au tatu. Kasha dogo huwa na kipoza kifupi na feni moja isiyozidi kiganja, na hewa ina njia moja tu: inaingia mbele, inapita juu ya prosesa, inatoka nyuma.

Tuseme mashine yote inatoa joto la wati 100, na feni inapitisha lita 10 za hewa kila sekunde. Hewa itatoka nyuma ikiwa na joto la nyuzi 8 au 9 zaidi ya ilivyoingia. Vumbi likiziba njia na hewa ikapungua hadi lita 5, ongezeko hilo huwa maradufu, karibu nyuzi 17. Prosesa yenyewe huwa moto zaidi ya hewa inayoizunguka, kwa hiyo kila nyuzi iliyoongezeka kwenye hewa huongezeka pia kwenye prosesa. Ndiyo maana mashine iliyofanya kazi bila shida mwezi wa Julai, wakati wa kusi, inashindwa mwezi wa Machi ingawa hakuna kilichobadilishwa ndani yake.

Prosesa ina kinga yake. Ikikaribia nyuzijoto 100 hupunguza mwendo ili ipoe, na huo ndio uzito ambao mtumiaji huuona. Joto likizidi kupanda, mashine hujizima kabla ya kuungua. Kwa hiyo kompyuta inayozimika mchana na kuwaka vizuri jioni inastahili kuchunguzwa njia yake ya hewa kwanza, kabla ya mwenyewe kutoa pesa za kununua kipuri.

Uchunguzi huo hauhitaji mtaalamu. Karatasi nyembamba ya shashi, iliyokatwa upana wa kidole, inatosha. Ikishikwa mbele ya matundu ya kuingizia hewa, inapaswa kuvutwa na kunata. Ikishikwa nyuma, inapaswa kupeperuka kuelekea nje. Isipotikisika kabisa upande mmoja, njia imeziba au feni imechoka. Anayetaka kujua joto lenyewe anaweza kutumia programu za bure kama HWMonitor au Core Temp. Katika chumba chenye nyuzi 32 au 33, mashine isiyo na kazi inayosoma kati ya 40 na 55 iko salama. Ikifanya kazi nzito na kusoma 70 hadi 85, bado inavumilia. Ikizidi 90 kwa kazi ndogo tu, kuna jambo.

Jambo hilo mara nyingi liko nje ya kasha. Miongozo ya watengenezaji kama HP na Dell hutaka nafasi ya takriban sentimita 10 pande zote zenye matundu, na chumba kisichozidi nyuzi 35. Katika vibanda vingi mashine imesukumwa hadi ukutani ili meza ipate nafasi, na hewa moto inayotoka nyuma hugonga ukuta na kurudi mbele kuvutwa tena. Kuvuta meza kidogo hakugharimu chochote. UPS nayo hutoa joto lake, hivyo isiwekwe mbele ya matundu ya kompyuta wala kubebeshwa kompyuta juu yake.

Tatizo jingine ni vizimba vya chuma. Ni haki ya mwenye duka kujikinga na wizi, na wachomeleaji wa hapa wanajua kazi yao. Ila kizimba cha bati tupu lenye tundu moja la kupitishia waya hugeuka kuwa tanuri. Kizimba kiundwe kwa nondo au wavu mzito mbele na nyuma, na mashine ielekezwe ili mbele yake itazame upande wenye hewa baridi zaidi. Hali ni hiyo hiyo kwa kabati la mbao lenye milango. Na vile vitambaa vya kufuma vinavyowekwa juu ya kompyuta kama pambo vinapendeza, lakini vikining'inia hadi kwenye matundu huziba njia. Vibaki juu ya televisheni, au vikunjwe.

Wapo wanaofungua kifuniko na kuiacha mashine wazi, wakiamini itapata hewa zaidi. Kwa kompyuta hizi ndogo hilo linaweza kuleta madhara. Nyingi zina mfereji wa plastiki unaoielekeza hewa moja kwa moja kwenye kipoza, na kifuniko ni sehemu ya mpango huo. Kikiondolewa, diski na sehemu nyingine zinazotegemea mkondo ule hubaki bila upepo. Isitoshe, mjusi hupenda mahali penye joto, na mjusi akikauka juu ya bodi kuu huweza kuleta shoti ambayo hakuna feni itakayoiponya.

Vumbi ndilo adui wa kila siku, na katika kaunti hii halifanani kila mahali. Ganze na sehemu za Magarini zilizo mbali na bahari hupata vumbi kavu, jekundu na laini, linalojaa kati ya mapezi ya kipoza hadi kufanana na zulia. Karibu na bahari vumbi huchanganyika na chumvi na unyevu, likanata na kula vyuma vya kuunganishia. Mashine ya ufukweni inayotumika kila siku huwa na nafuu kwa kuwa joto lake huikausha. Ile iliyofungiwa stoo kwa miezi ndiyo huota kutu, na inafaa iwashwe walau mara moja kwa wiki.

Kusafisha kila baada ya miezi mitatu kunatosha sehemu nyingi, na kila mwezi kwa duka lililo kando ya barabara ya murram. Mashine izimwe, waya wa stima uchomolewe, kisha kitufe cha kuwashia kibanwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Anayefanya kazi hiyo aguse kwanza chuma cha kasha ili aondoe umeme tuli mwilini. Brashi laini ya kupakia rangi, iliyo kavu na mpya, huondoa vumbi kwenye mapezi, na kopo la hewa humalizia. Feni ishikiliwe kwa kidole au penseli wakati wa kupuliza, isizunguke kwa kasi ikaharibu beringi zake. Kazi hii ifanyike nje, na anayepuliza ajifunike pua.

Kompresa ya fundi wa pancha ni kishawishi kikubwa kwa kuwa ipo karibu na bei yake ni ndogo. Haifai. Hewa yake hubeba matone ya maji na mafuta, na nguvu yake huweza kung'oa vipande vidogo kwenye bodi.

Ikiwa kipoza ni safi, feni inazunguka na joto bado liko juu, kuna uwezekano pesti ya joto imekauka. Hii ni dawa laini iliyopakwa kati ya prosesa na kipoza ili joto livuke bila kukwamishwa na hewa iliyonaswa katikati. Kwenye mashine iliyokaa miaka mingi huwa ngumu kama chokaa. Ya zamani hufutwa kwa spiriti safi isiyo na mafuta, na mpya huwekwa kiasi cha punje ya njegere katikati ya prosesa. Kuipaka nyingi hakuongezi ubaridi. Hapa fundi anayeaminika anafaa, kwa kuwa kipoza kikirudishwa upande mmoja ukiwa umelegea, hali huwa mbaya kuliko mwanzo.

Vijana wanaohariri video au kucheza michezo ya kompyuta wana mtihani wao. Wengi hununua mashine ya ofisi na kuiongezea kadi ya grafiksi fupi. Kadi inayopata stima kupitia tundu la bodi pekee inaweza kutumia hadi wati 75. Hiyo ni zaidi ya joto la prosesa yenyewe, ndani ya kasha lililopangiwa njia moja ya hewa, na pawa saplai zake nyingi ni za wati 180 hadi 260 tu. Kabla ya kununua kadi ni vyema kuhakikisha feni yake haitatazama ukuta wa kasha kwa umbali wa milimita chache.

Anayejenga mashine ndogo kuanzia mwanzo, kwa bodi ya sentimita 17 kwa 17, ana uhuru zaidi wa kupanga. Apime urefu wa kipoza dhidi ya kasha kabla ya kulipa. Achague feni moja pana ya milimita 120 badala ya mbili ndogo, kwa kuwa feni pana hupitisha hewa nyingi kwa mwendo wa polepole na kelele kidogo. Kwenye fremu ya feni nyingi kuna mshale unaoonyesha hewa inaelekea wapi. Usipokuwepo, hewa hutokea upande wenye vishikio vinavyobeba mota. Feni mbili zikielekezwa moja dhidi ya nyingine hupiga kelele nyingi na kupoza kidogo. Mahali penye vumbi, hewa inayosukumwa ndani izidi inayotolewa na ipite kwenye chujio. Hivyo vumbi haliingii kupitia nyufa. Kipande cha soksi ya nailoni kinaweza kuwa chujio, ila kifuliwe kila wiki, maana kikijaa huwa kizibo.

Palipo na paa la mabati lisilo na dari, chumba chenyewe kinaweza kupita nyuzi 35 alasiri, na hapo kompyuta haina hewa baridi ya kuvuta. Feni ya mezani haipunguzi joto la chumba, lakini huondoa hewa moto iliyotuama nyuma ya mashine. Kazi nzito, kama kuhariri video au kuweka programu mpya, zifanywe asubuhi. Kwa mashine za Windows ipo pia njia ya kupunguza joto bila kununua kitu: katika mipangilio ya stima, kiwango cha juu cha prosesa kikishushwa kutoka asilimia 100 hadi 99, prosesa nyingi huacha ule mwendo wa ziada unaozichemsha. Kwa kazi za fomu, barua na kuchapisha, tofauti ya kasi ni vigumu kuiona.

Anayenunua mashine iliyotumika aombe iwashwe na kuachwa ikicheza video kwa dakika 20 akiwa pale pale dukani. Asikilize feni, ashike hewa inayotoka nyuma, na aombe kifuniko kifunguliwe kabla ya kulipa. Hewa vuguvugu inayotoka kwa nguvu ni dalili nzuri. Ikiwa kasha ni moto na nyuma hakutoki upepo wowote, bei ijadiliwe upya kwa kuhesabu gharama ya feni na pesti, au mnunuzi aitazame mashine nyingine.