Nakala ya Saa Moja

Asubuhi ngalawa zinapoingia dikoni Tongoni, kusini mwa Tanga, jaribu kuorodhesha kwanza vyombo vilivyofika, kisha uhamie mnadani kuandika samaki. Utaandika samaki wa ngalawa ambayo haimo katika orodha yako, kwa kuwa ilitia nanga ukiwa umeshaondoka ufukweni. Kila ukurasa una ukweli wake, ila kurasa hizo mbili si za saa moja.

Nakala rudufu ya hifadhidata iliyo kazini huharibika vivyo hivyo. Mfumo wa hifadhidata wa MySQL huruhusu jedwali moja kukaa katika injini ya kuhifadhi data ya InnoDB na jingine katika MyISAM. InnoDB hutunza matoleo ya awali ya data, hivyo programu ya kunakili ya mysqldump ikipewa chaguo la --single-transaction huisoma kama ilivyokuwa kunakili kulipoanza, hata watu wakiendelea kuandika. MyISAM haina miamala: jedwali lake husomwa lilivyo wakati zamu yake inapofika. Nakala hukamilika bila onyo lolote, na hapo ndipo penye hatari.

Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS ulianza kutumika Eldoret, Kenya, Februari 2006, ukiwa juu ya MySQL. Enzi hizo, jedwali lililoundwa bila kutajiwa injini kwa kawaida lilikuwa MyISAM; InnoDB ilishika nafasi hiyo katika toleo la 5.5, mwaka 2010. Kupandisha toleo hakubadilishi injini ya majedwali ya zamani. Jedwali dogo la dawa ambalo fundi aliliongeza miaka hiyo laweza kuwa MyISAM hadi leo, na siku ya kurejesha data ukakuta dawa ya mgonjwa ambaye mahudhurio yake hayamo.

Chaguo jingine la mysqldump, --lock-all-tables, huzuia uandishi wote mpaka nakala iishe. Zahanati inayofungwa jioni yaweza kuvumilia hilo. Wodi ya wazazi haiwezi. Zana nyingine ya kunakili, XtraBackup, hunakili InnoDB kazi ikiendelea, kisha hufunga milango kwa muda inaponakili MyISAM, na muda huo hurefuka kadiri majedwali hayo yalivyo makubwa. Kwa maoni yangu, kumbukumbu za wagonjwa zihamishiwe InnoDB zote, baada ya majaribio kwenye mashine ya pembeni.

Leo kabla hujatoka kazini, endesha SHOW TABLE STATUS, usome safu ya Engine jedwali kwa jedwali.