Kipima mvua cha chupa chaweza kuokoa mfuko wa mbegu

MVUA kunyesha Dodoma mjini si hoja kwamba imenyesha Kongwa. Hata ndani ya kijiji kimoja, shamba la bondeni laweza kulowa huku la mlimani likibaki vumbi tupu. Hata hivyo, wakulima wengi huamua siku ya kupanda kwa kusikiliza redio au kumtazama jirani.

Kubahatisha huko kuna gharama. Ekari moja ya mahindi huhitaji takriban kilo 10 za mbegu. Mvua ya kwanza ikidanganya, mbegu huota kisha hukauka, na mkulima hurudi dukani kununua mfuko wa pili kwa fedha aliyoitenga kwa ajili ya mbolea. Wataalamu wengi huhesabu kuwa msimu umeanza zinapopatikana milimita 20 ndani ya siku moja au mbili, bila ukame mrefu kufuata. Ukame wa kesho hakuna aujuaye, lakini milimita 20 za leo zinapimika.

Chombo chenyewe ni chupa ya maji ya lita 1.5. Ikate chini kidogo ya mabega, kisha geuza kipande cha juu kikae ndani ya kile cha chini kama faneli. Wengi hubandika rula ubavuni, na hapo ndipo hesabu huharibika, kwani chupa zetu nyingi zina mikunjo na kitako kisicho sawa. Afadhali kupima maji kwa bomba la sindano la mifugo, linalopatikana katika maduka ya pembejeo. Chupa ikiwa na kipenyo cha sentimita 9, mililita 64 ni sawa na milimita 10 za mvua. Ukipata mara mbili ya hapo, andaa jembe.

Kiweke mbali na nyumba. Na kama kuna mti, umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wake. Soma kila siku saa tatu asubuhi, kisha andika, hata kama ni sifuri.

Kwa maoni yangu, kazi hii ingefaa ianzie shule za sekondari za kata, ambako eneo la duara hufundishwa ubaoni tu. Vijana wakizoea vipimo, vyombo vigumu zaidi havitawatisha. Jijini Dar es Salaam tayari mafundi wa Bongo Tech & Research Labs wametengeneza hadubini za OpenFlexure kwa printa ya plastiki, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bath cha Uingereza.

Chupa haitakulipa fidia. Bima ya Kilimo Salama, iliyoanza Kenya mwaka 2009, ililipa kwa takwimu za vituo vya hali ya hewa, si za shamba la mteja. Lakini daftari za majirani watano kwa misimu mitatu zitaonyesha kama kituo cha karibu kinafanana na mashamba yenu, kabla hamjalipia bima ya aina hiyo.

Jua hupasua plastiki, hivyo badilisha chupa kila msimu. Daftari likae ndani.