Kutoka Nairobi Hadi Jeddah: Saa za Angani na Mahali pa Kuhirimia

Baina ya kiwanja cha ndege cha Jomo Kenyatta, Nairobi, na kile cha Mfalme Abdulaziz, Jeddah, pana masafa ya takriban kilomita 2,570 kwa mstari ulionyooka. Ndege isiyotua njiani huyakata kwa muda wa saa 3 na nusu hadi 4. Na kwa kuwa Kenya na Saudi Arabia zafuata saa moja, aondokaye saa nne asubuhi hutua yapata saa nane mchana bila ya kugeuza saa yake.

Lakini si kila tikiti hufuata mstari huo. Apitiaye Dubai husafiri kwanza kilomita zipatazo 3,550, kwa muda wa saa 5, kisha hugeuka magharibi kilomita 1,700 nyingine, kwa saa 3 hivi. Masafa yamezidi maradufu, na saa za kungoja huko Dubai bado hazijahesabiwa. Kwa mama mwenye sukari au maumivu ya magoti hilo si jambo dogo: dawa zake ziwe mkobani, na ainuke mara kwa mara kunyoosha miguu.

Kwa aendaye Umra au Hijja, njia ya ndege huamua pia mahali pa kuhirimia. Mtume (s.a.w.) aliweka miqati kwa watu wa kila upande na kwa kila apitaye hapo akikusudia ibada hiyo. Ndege itokayo kusini kupitia Bahari ya Shamu hukabili Yalamlam; itokayo Dubai hupita upande wa Qarn al-Manazil, karibu na Taif. Aanzaye kwa kuzuru Madina huhirimia Dhul-Hulayfa, atokapo huko kuelekea Makka.

Kwa kauli ya wanazuoni wengi, Jeddah iko ndani ya mipaka hiyo. Mwenye kungoja mpaka atue ndipo ahirimie huwa ameshaivuka miqati: yampasa arudi, na akihirimia bila ya kurudi, achinje mnyama. Ndege nayo huenda kilomita kama 14 kwa kila dakika, na miqati hupitwa katika dakika za mwisho kabla ya kutua. Mwanamume aliyeiacha shuka yake katika sanduku lililopakiwa chini ya ndege hawezi tena kuifikia. Basi avae mapema, nyumbani au kiwanjani, na mwenye kuchelea usingizi hana ubaya kutanguliza nia kidogo.

Mwanamke huhirimia katika nguo zake za stara, bila ya nikabu wala glavu. Akiwa katika hedhi, asiipite miqati bila ya nia kwa kudhani kuwa ibada imemfungia mlango. Asmaa bint Umays alijifungua Dhul-Hulayfa, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aoge na ahirimie. Mwenye hedhi naye hunuia na kuleta talbiya, kisha hungoja kutahirika ndipo atufu.

Kabla ya kulipa, basi, mwulizeni wakala mambo matatu: ndege yapitia wapi, tutangoja saa ngapi njiani, na tutaikabili miqati ipi. Majibu hayo yaandikwe katika karatasi, na kila msafiri wa nyumba awe nayo mkononi.