Kipindupindu: Utangulizi kwa Anayeanza

Kipindupindu kikiingia mtaani, maswali hayakawii. Kimeletwa na nani? Kimeifikiaje nyumba ya pili na kuiruka ya tatu? Niendelee kula kachumbari ya mama lishe wangu, au nisubiri kwanza? Barazani kwenye kahawa, yote haya hujibiwa kwa pumzi moja: ugonjwa umeletwa na wageni wa kule mabondeni, basi ukijiepusha nao huna la kuogopa. Epidemiolojia, elimu ninayokukaribisha humu, huanza pale mtu anapokataa kuyafunga maswali hayo mzigo mmoja. Ugonjwa ulikotoka ni swali la kwanza, njia unazopita ni la pili, na hatari inayomkabili mtu jikoni kwake ni la tatu. Ushahidi unaotosha kwa moja mara nyingi haufui dafu mbele ya jingine.

Si lazima uwe daktari. Unatakiwa kuhesabu bila pupa, kutembea sana, na kuwa na uso wa kumuuliza mtu mzima habari za choo chake.

Vitabu vingi huanzia kwenye pampu ya Broad Street, London, mwaka 1854, pale daktari John Snow alipoishawishi kamati ya mtaa ing'oe mpini wa pampu na watu wakaacha kufa. Kisa kitamu, ila kimetiwa chumvi. Mpini uling'olewa tarehe 8 Septemba, mlipuko ukiwa umeshaanza kupungua, na Snow mwenyewe alilikiri hilo. Kazi yake nzito aliifanya ng'ambo ya pili ya mto Thames, na ndiyo ninayotaka uitazame kwa karibu.

Kampuni mbili, Southwark and Vauxhall na Lambeth, ziliuza maji katika mitaa ile ile. Mabomba yao yalipita barabara moja, nyumba hii ikiunganishwa huku na jirani yake kule, tajiri kwa maskini. Mwaka 1852 Lambeth ilihamishia mtambo wake Thames Ditton, juu kabisa ya mto, kabla maji hayajapokea kinyesi cha jiji. Mwenzake akaendelea kuvuta maji palepale mjini. Kipindupindu kilipozuka, Snow alibisha hodi nyumba zenye msiba akiuliza maji yao ni ya kampuni gani. Wapangaji wengi hawakujua, kwa kuwa bili hulipwa na mwenye nyumba. Akaanza kuchukua maji kidogo kwenye chupa na kuyatia nitrati ya fedha, dawa inayoonyesha chumvi. Ya Southwark and Vauxhall, yaliyochanganyika na maji ya bahari yanayopanda mtoni na maji taka ya London, yalifanya ukungu mweupe mzito. Ya Lambeth yalibadilika kidogo tu. Katika wiki saba za mwanzo alipata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000 za kampuni ya kwanza, na 37 kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth.

Sasa angalia alichokikosa. Snow hakujua ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya maji yale. Mwaka huohuo, huko Florence, Filippo Pacini alikiona kimelea chenyewe kwa hadubini, lakini wachache walimsikiliza. Daktari Mjerumani Robert Koch alipokuja kukionyesha ulimwengu, kwa kazi aliyoifanya Misri na Calcutta, ulikuwa mwaka 1883 na 1884, na Snow alikuwa kaburini tangu 1858. Njia ya ugonjwa ilithibitishwa na mtu asiyekijua chanzo chake, na kama watu wa London wangesubiri mpaka kijulikane, wangesubiri miaka 30.

Msomaji wa Kiswahili, hata hivyo, ana mwalimu wa karibu zaidi, na inanishangaza jinsi asivyotajwa madarasani. James Christie, daktari wa Kiskoti aliyefanya kazi Unguja na kumtibu Sultani, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki kati ya 1821 na 1872. Alichokuwa nacho ni kukaa katika mji ambao njia zote za biashara zilikutania: majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni, vyombo vya Kilwa, misafara ya pembe kutoka bara. Aliwahoji wafanyabiashara na wasafiri. Mlitoka lini? Mlipita wapi? Ugonjwa mliukuta mahali gani? Ndiyo maana kitabu cha daktari kimejaa jiografia, makabila na biashara, na anayekifungua akitafuta dawa atadhani amekosea rafu.

Milipuko ya mwanzo ilielezeka kwa bahari. Kipindupindu kiliingia Maskati mwaka 1821, na jahazi likishapata upepo wa kaskazi halina mwendo mrefu kufika Unguja. Wa 1869 ndio uliomtoa jasho. Habari alizokusanya zilionyesha ugonjwa ukishuka kutoka kaskazini kwa nchi kavu, kupitia Umaasai hadi pwani ya Pangani pamoja na misafara, ndipo ukavuka kuingia mjini Unguja. Kutoka hapo ulipanda tena bara kwa njia za wafanyabiashara hadi Manyema, alikokuwa msafiri Mwingereza David Livingstone, ambaye aliuandika katika shajara yake. Mtu ambaye angekesha bandarini akikagua majahazi ya Arabuni mwaka ule angelinda upande ambao adui hakupita. Christie huyuhuyu aliandika pia kuhusu kidinga popo iliyoikumba Unguja miaka hiyohiyo. Mwingine angeyatia yote kapu moja na kuyaita homa ya mji.

Kubishana juu ya asili ya ugonjwa hakujawahi kuwa ugomvi wa wanasayansi peke yao. Mwaka 1866 mataifa yalikutana Istanbul baada ya kipindupindu kuwaua mahujaji wengi Makka mwaka uliotangulia. Mkutano ulikubaliana kwamba ugonjwa hutokea India na husafiri na watu. Uingereza haikufurahi. India ilikuwa mali yake, na Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, kila siku ambayo meli ilizuiwa karantini ilikuwa hasara. Maofisa wake wa afya huko India waliendelea kwa miaka mingi kusema kwamba kipindupindu hakiambukizwi, bali huzuka kwa hewa na udongo wa mahali. Siwaiti waongo wote. Wengine waliamini kweli. Ila ukisoma hoja ya asili, uliza pia nani atalipa gharama hoja hiyo ikishinda.

Kisa cha Haiti ni cha juzi tu, na kwangu ndicho kinachofundisha zaidi. Oktoba 2010 watu wa bonde la mto Artibonite walianza kufa kwa kuhara, katika nchi ambayo haikuwa na kumbukumbu ya mlipuko wa kipindupindu. Upande mmoja walisimama wanasayansi wa mazingira, wakiwa na hoja ya heshima kabisa: kimelea huishi chenyewe kwenye maji ya milango ya mito, kimejishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini, na joto au msukosuko huweza kukiamsha. Upande wa pili alikuwa daktari Mfaransa Renaud Piarroux, aliyefuata wagonjwa wa kwanza kijiji kwa kijiji hadi karibu na kambi ya wanajeshi wa Umoja wa Mataifa kutoka Nepal, jirani na Mirebalais, juu ya kijito kinachomwaga maji kwenye mto ule. Vipimo vya jeni vilikuja kuonyesha kwamba kimelea cha Haiti kinafanana mno na cha Nepal cha mwaka huohuo. Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliomba radhi. Waliokufa hadi mwisho wa mlipuko walikaribia 10,000.

Wapo wanaosema kutafuta aliyeleta ni kupoteza muda. Sikubaliani nao: Wahaiti walikuwa na haki ya kujua. Lakini kujua huko hakukutia klorini kwenye dumu la mtu yeyote wa Artibonite, na wale waliokuwa wakiitia hawakuhitaji kusubiri jibu.

Jeni zimetufunza jambo jingine kuhusu bara letu. Janga la saba la kipindupindu duniani, ambalo bado tunalo, lilianza Sulawesi, Indonesia, mwaka 1961 na kutua Afrika Magharibi mwaka 1970. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba tangu wakati huo aina ya kimelea ya janga hilo imeingia Afrika kutoka nje angalau mara 11. Wengi walizoea kudhani iliingia mara moja ikajenga makao.

Hatari ya kila siku ndilo swali linalodharauliwa na wasomi na kuulizwa na kila mtu mwingine. Hapa hofu na hesabu hupishana vibaya. Mwanzoni mwa 1998 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Msumbiji kwa sababu ya kipindupindu. Viwanda vya minofu kandokando ya Ziwa Viktoria vikayumba na wavuvi wakakosa wanunuzi, ilhali Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba samaki wa biashara hawakuwa njia ya maana ya ugonjwa huo. Moto huua kimelea. Mlaji wa Ulaya aliyeogopa sangara alikuwa salama. Mtoto wa mvuvi aliyekunywa maji ya ziwa bila kuchemsha ndiye aliyekuwa hatarini, na yeye hakuna aliyemzungumzia.

Fikiria nyumba ya kupanga Dar es Salaam wakati wa masika. Mvua kubwa ikinyesha, kuna wanaotapisha vyoo ili maji yabebe uchafu. Uchafu ule hupita juu ya bomba la plastiki lenye ufa, na pampu ikizimwa bomba huvuta kilicho nje yake. Maji yakifika nyumbani yakiwa safi, bado yana safari: yanamiminwa kwenye ndoo pana, kila mtu anachota kwa kikombe chake, vidole vikizama. Dumu lenye mdomo mwembamba linapunguza hatari hii kuliko watu wanavyodhani. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea nchini na kuwapata watu zaidi ya 20,000. Kuketi karibu na mgonjwa kwenye daladala hakukuwa tishio la maana. Kufua shuka zake kisha kukanda unga bila kunawa kwa sabuni, kulikuwa.

Kuna mtego mwingine wa hesabu. Wengi wanaoambukizwa hawaugui kabisa au huharisha kidogo, kwa hiyo hospitali huona ncha tu. Kati ya wanaougua sana wasiotibiwa, hadi nusu hufa, wengine ndani ya saa chache. Wakitibiwa mapema hufa chini ya mmoja kwa 100. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipomwishia daktari Dilip Mahalanabis, aliwapa wagonjwa maji yenye sukari na chumvi wanywe, na vifo vikashuka kutoka takriban 30 hadi chini ya 4 kwa kila wagonjwa 100. Goma mwaka 1994, ambako wakimbizi wa Rwanda karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, si lazima kimelea kiwe kilikuwa kikali kupita kile cha Bangaon. Ukiambiwa ugonjwa unaua kwa kiwango fulani, uliza: kati ya watu gani, na walikuwa mbali kiasi gani na maji ya chumvi na sukari?

Mjadala mmoja haujafungwa, nao uko mlangoni petu. Uvira, Kalemie na miji mingine ya Ziwa Tanganyika huwa na wagonjwa karibu kila mwaka. Je, kimelea kimeweka makao ziwani, kwenye maji yasiyo na chumvi ya bahari, au kinazungushwa na watu wanaosafiri mwalo hadi mwalo na boti za dagaa? Maabara za jeni zina sampuli, lakini sampuli haisemi mgonjwa alilala wapi juzi wala maji aliyanywa kwa nani. Lazima mtu ashuke mwaloni Kigoma, avuke hadi ng'ambo ya Kongo, aulize, aandike tarehe, arudi aulize tena. Kiswahili kinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo.